Nembo za Bibi Zetu Zihamie Mkekani: Wito wa Harambee

Ndugu, jirani na marafiki wa karibu na wa mbali,

Sisi ni akina mama kumi na tisa wa jamii ya Wamakonde hapa Kwale. Tunawaita kwenye harambee Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, tupate ukindu wa mikeka, udongo wa vyungu na rangi za ukuta, tuhamishie humo nembo za bibi zetu, na kuwashika mkono bibi wanne wanaotufundisha. Lengo ni shilingi 286,000. Mkononi tunazo 61,500, michango yetu wenyewe ya kila wiki.

Haraka yetu ni umri wa walimu. Neno nembo leo mnaliona kwenye sare ya shule na mlango wa benki. Kwa bibi zetu, nembo ni chale za usoni, kifuani na tumboni, zilizochanjwa kwa kisu kidogo kiitwacho chipopo, kisha zikasuguliwa masizi ya mbegu za mbono hadi zikakolea buluu. Kazi ilirudiwa zaidi ya mara moja, na binti alitarajiwa avumilie. Michoro yenyewe ni pembe kali zinazofuatana, mjusi, mti wa mnazi. Wazee wetu walitoka nazo kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia miaka ya 1930, walipokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa.

Hapa ziliwatesa. Uso wenye nembo ulikutangaza kuwa mgeni, na mgeni asiye na kitambulisho hana akaunti wala kazi ya maana. Mmoja wa walimu wetu alikaa miaka mingi bila kwenda sokoni pasipo kujitanda kanga hadi machoni. Binti zake hawakuchanjwa. Yeye mwenyewe alikataa. Oktoba 2016 watu wetu walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza tupewe vitambulisho, tukaitwa kabila la 43 la Kenya. Sasa bibi yule anakaa barazani uso wazi, na wajukuu wanamuuliza ule mchoro wa shavuni ni nini. Maswali yao ndiyo yaliyotukusanya.

Tumeulizwa kanisani na msikitini, basi tuseme wazi: hatutamchanja mtoto yeyote. Tunahamisha mchoro, si jeraha. Ususi wa ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, wengi wetu tulifunzwa na jirani zetu Wadigo, na ukili husukwa chane, yaani vipande vyembamba vya ukindu, zikipishana mshazari, kwa hiyo pembe za nembo zinaingia mkekani kana kwamba zilizaliwa humo. Unapanga chane nyeusi na nyeupe, unahesabu, pembe inatoka kali. Ukikosea chane moja mstari unapinda, na bibi anafumua ukili wote bila kusema neno. Mjusi amekataa kabisa. Mgongo wake wa mviringo haufuati chane. Huyo tumempeleka kwenye chungu, kwa kuwa wanawake wa Kimakonde tangu zamani waliuchora udongo mbichi kama walivyochorwa wao wenyewe.

Wanawake wa Fiji wametutia moyo sana. Kwao chale za namna hii huitwa veiqia. Fundi mwanamke, daubati, alimchanja binti anapovunja ungo, na michoro ikasitiriwa na liku, sketi ya nyuzi. Wamisionari waliipiga vita katika karne ya 19 hadi ikakoma. Mwaka 2015 wasanii wanawake wenye asili ya Fiji walianzisha Veiqia Project, na ili kuziona kazi za bibi zao iliwabidi kwenda kufunguliwa makabati ya makumbusho, mengine huko Uingereza. Walichokitafuta kabatini, sisi bado tunacho barazani, kinakunywa uji na kutusahihisha.

Fedha zitakwenda hivi: ukindu 84,000, udongo na kuni za kuchomea vyungu 37,000, rangi 45,000 za ukuta wa chekechea, ambako watoto watachora pamoja na bibi, na 120,000 ni posho na nauli ya bibi wanne kwa miezi mitatu. Hili la mwisho wengine wameliona kubwa. Sisi tunaona bibi aliyetoa uso wake kuwa kitabu asiombwe kufundisha bure.

Tutakutana saa nne asubuhi, chini ya mwembe ulio karibu na chekechea. Asiyeweza kufika atume kwa M-Pesa kupitia mweka hazina wetu. Kila shilingi itaandikwa na kusomwa mbele ya wote. Mwenye mikindu shambani aturuhusu tukakate majani machanga. Na mwenye picha ya zamani ya bibi yake mwenye nembo atuletee tuinakili, arudi nayo siku hiyohiyo. Kama bibi yupo hai, mleteni mwenyewe. Tumemwekea kiti.