Wanandoa wa zamu mbili, nendeni St. Paul

Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa safari katika toleo lililopita, ule uliowashauri wanandoa wakasherehekee ndoa zao Dubai, Zanzibar au Cancún. Picha zilipendeza. Lakini nilipofunga gazeti nilijiuliza ni wangapi kati yetu tunaoishi huku Minnesota wanaoweza kupata hata siku tatu za mapumziko kwa pamoja. Mume wangu hufanya kazi usiku kwenye ghala na hutoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi huingia saa moja katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa miaka tisa tumekuwa tukikutana mlangoni: yeye ananikabidhi gari likiwa bado na joto, mimi namwachia chai kwenye chupa.

Ninaandika kuwaomba mtenge sehemu ya ukurasa huo kwa ajili ya safari za karibu, za siku moja, kwa watu kama sisi. Na mfano wa kuanzia ninao.

Jumanne moja ya Mei mwaka jana sote tulikuwa nyumbani, na watoto wako shuleni. Tuliacha gari Minneapolis tukapanda treni ya Green Line, ambayo tangu 2014 inaunganisha mji huo na St. Paul, makao makuu ya jimbo. Ina kituo hatua chache tu kutoka jengo la bunge, lile la kuba jeupe ambalo kila mtu hulipita kwenye barabara ya I-94. Sisi tulilipita miaka yote hiyo bila kuingia. Mume wangu, Baba Kemunto, aliamini ni lazima uwe raia au uwe umeandikisha jina mapema. Sivyo. Unaingia bure, kwa miguu yako, na wapo watu wa kukutembeza na kukueleza.

Jengo lilifunguliwa Januari 1905, na aliyelichora ni Cass Gilbert. Yeye alitaka marumaru nyeupe kutoka Georgia. Wazee waliopigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe walikasirika: iweje bunge lao lijengwe kwa mawe ya jimbo walilopigana nalo? Mwishowe walikubaliana. Marumaru ya Georgia ikawekwa juu, na mawe ya Minnesota yenyewe yakatumika kwenye msingi, kwenye ngazi na sehemu nyingi za ndani. Ukisimama nje unaona kwa macho mahali mawe yanapobadilika rangi.

Ngazi nyembamba zinapanda hadi kwenye paa, karibu na farasi wanne wa shaba waliopakwa dhahabu. Ni kazi ya Edward Potter na Daniel Chester French, huyo French ndiye aliyechonga sanamu ya Rais Lincoln aliyeketi kule Washington. Siku ya hali mbaya ya hewa hawapandishi watu, lakini siku ile palikuwa peupe. Ng'ambo, juu ya kilima, tuliliona kanisa kuu la St. Paul, na mji wote ukiwa chini yetu. Nikageuka kumwonyesha mume wangu, jua likimpiga usoni, ndipo nikaona kwamba ndevu zake zimeingia mvi upande mzima wa kushoto. Sikuwa nimejua. Nyumbani namwona alfajiri na usiku, taa ikiwa hafifu, mmoja wetu akiwa na usingizi.

Tulishuka tukaketi kwenye roshani ya wageni katika baraza la wawakilishi. Wanapopiga kura, majina huwaka kijani au nyekundu kwenye ubao mkubwa. Kati ya majina hayo limo la Huldah Momanyi Hiltsley, aliyechaguliwa Novemba 2024, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia bunge hili. Kusoma jina la Momanyi kwenye ubao ule si sawa na kulisoma kwenye simu. Tulikaa pale karibu saa nzima, na mswada wenyewe tuliuelewa nusunusu.

Chini kabisa ya jengo kuna mkahawa uitwao Rathskeller, na huko tulikunywa kahawa. Kuta zake zimechorwa maua na misemo ya Kijerumani, kwa kuwa jengo lilipofunguliwa wahamiaji kutoka Ujerumani walikuwa wengi katika jimbo. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, Kijerumani kilichukiwa na misemo ile ikapakwa rangi. Ilirudishwa kwenye kuta mwaka 1999. Niliwaza wajukuu wa watu wale, waliokaa wakila mle huku maneno ya babu zao yakiwa nyuma ya rangi. Watoto wetu sasa hivi wanatujibu kwa Kiingereza hata tukiwasemesha Ekegusii, lugha ya kwetu Kenya.

Chakula chenyewe tulikula Hmongtown, soko lililoko barabara ya Como, mwendo mfupi kutoka bungeni. Lilifunguliwa 2004 mahali palipokuwa pakiuzwa mbao. Ni soko la Wahmong, kabila la milimani kutoka Laos, walioanza kufika hapa kama wakimbizi baada ya vita vya Laos kwisha mwaka 1975, na kufikia 2002 mwanamke wao, Mee Moua, alikuwa ameingia seneti ya jimbo. Mle sokoni mama mmoja alikuwa akiponda papai bichi kwenye kinu cha udongo kwa mchi wa mti, pamoja na kitunguu saumu, ndimu, nyanya na mchuzi wa samaki. Alituuliza tunataka pilipili ngapi, akaponda, akatuonjesha kwa kijiko kutoka kinuni, akaongeza ndimu, akatuonjesha tena. Tulikula na kuku wa kuchoma na wali wa kunata, ule unaofinyanga kwa vidole kama ugali. Mume wangu alinawa mikono akala kwa mkono, na meza zote za jirani walikuwa wakila vivyo hivyo. Majira yakifika, wakulima wao huuza pia majani machanga ya maboga, nasi ndio wateja.

Muda wa watoto kurudi kutoka shuleni ulikuwa ukikaribia, kwa hiyo bustani ya Como tuliipita haraka. Ni nyumba kubwa ya vioo ya mwaka 1915, ina migomba ndani, na kuingia ni bure.

Nauli, kahawa na chakula, vyote pamoja, havikufika dola 60.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni hili: kila mwezi tuandikieni mahali pamoja panapofikika kwa treni au basi, kituo cha kushukia, siku na saa za kufunguliwa, na pa kula kwa bei yetu. Wasomaji walioko Columbus, Des Moines na Madison nao wana makao makuu ya majimbo yao, nami ningependa kusoma walichokiona huko. Mwezi wa tisa sote wawili tuna Alhamisi moja bila kazi. Tunataka kwenda Madison.

Msomaji wenu,
Mama Kemunto
Brooklyn Park, Minnesota