Bondi ya madaktari India: serikali nayo ifungwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba India wanajua kuwabana madaktari wao, mtu akisoma ubingwa kwenye chuo cha serikali anasaini bondi, asipokwenda kutumikia analipa hela ya kumtoa jasho, akamalizia kwa kusema na sisi tuige hivyohivyo. Mimi nimesoma famasia kule miaka minne, jimbo moja la kusini, na nilikuwa napanga nyumba moja na daktari aliyefungwa na hiyo bondi, kwa hiyo haya mambo nimeyaona yakipita sebuleni kwetu. Bondi yenyewe siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni hii ya kumfunga daktari peke yake halafu aliyemfunga anabaki huru kufanya anavyotaka.

Kwa asiyejua inavyokwenda, daktari wa India anasoma MBBS, yaani shahada ya kwanza ya udaktari, miaka minne na nusu, anamalizia na mwaka mmoja wa intern, yaani mafunzo kazini hospitalini, halafu anaingia mtihani wa taifa wa ubingwa unaoitwa NEET-PG ambao watu wanaurudia hata mara tatu, akibahatika kupata nafasi chuo cha serikali anasoma tena miaka 3. Ada pale ni ndogo ukilinganisha na vyuo binafsi, na kila mwezi anapata posho, maana rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, ndo anayebeba wodi usiku kucha. Siku ya kuandikishwa anasaini kwamba akimaliza atatumikia jimbo miaka kadhaa, na akikataa atalipa. Kila jimbo lina masharti yake. West Bengal walianza mwaka 2013 na mwaka mmoja wa kazi au laki 10, mwaka uliofuata wakapandisha ikawa miaka 3 au laki 30. Maharashtra ulikuwa mwaka mmoja tu lakini aliyeukimbia alidaiwa laki 50, na yule aliyesoma ubingwa bobezi alidaiwa rupia milioni 20. Hizo laki ni hizihizi laki zetu, neno tumelichukua kwao, ila zao ni za rupia, kwa hiyo laki 30 ni kama shilingi milioni 90 za hapa.

Sababu ya kuweka bondi ipo na ni nzito. Vijijini kwao kuna vituo vya afya vya jamii, vitanda 30, kimoja kinatakiwa kihudumie watu kama laki moja na elfu ishirini, na kila kimoja kinapaswa kuwa na bingwa wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani, wa kina mama na wa watoto. Takwimu za wizara yao za mwaka 2021-22 zilionyesha kati ya mabingwa 10 wanaotakiwa kwenye vituo hivyo karibu 8 hawapo. Sasa nchi inayopokea wagonjwa kutoka Dar, Mombasa mpaka Muscat, sisi tunauza shamba kumpeleka baba akafanyiwe moyo Chennai, mama wa kijijini kwao wenyewe hana wa kumpasua, mtoto akikaa vibaya tumboni. Ukiliona hilo huwezi kusema daktari aliyesomeshwa kwa kodi aachwe tu aende zake.

Na mahakama yao ya juu ililiona. Tarehe 19 Agosti 2019 Jaji L. Nageswara Rao na Jaji Hemant Gupta waliamua kwamba bondi ni halali. Madaktari walikuwa wamekwenda kulalamika kuwa ni kazi ya kulazimishwa, kitu ambacho katiba ya India inakataza kwenye ibara ya 23, na kwamba inawanyima uhuru wa kufanya taaluma yao. Majaji wakasema hapana, serikali imetumia hela kuwasomesha, walijua masharti kabla ya kuingia, na mwananchi maskini naye ana haki ya kuishi. Mpaka hapo mimi niko na majaji. Lakini watu wanaitaja hukumu ile nusunusu, hawasemi kwamba majaji haohao waliona baadhi ya majimbo yamekaza mno wakashauri iwe miaka 2 na anayeshindwa alipe laki 20, na wakataka serikali kuu na baraza la udaktari watengeneze utaratibu mmoja wa nchi nzima. Kamati iliundwa. Serikali kuu ikaja na mpango mwingine, kila rezidenti apelekwe miezi 3 hospitali ya wilaya akiwa bado masomoni, ambao binafsi naona ni mzuri kwa sababu mtu anaijua wilaya mapema na analala anajua atarudi, na tume yao ya udaktari ikasema kwa kuwa mpango huo upo basi bondi za majimbo ziangaliwe upya. Majimbo yameendelea kila moja na lake.

Sasa nimsimulie huyo daktari niliyekuwa napanga naye nyumba, ni dada. Nilikuwa namwita Akka, ndo dada kwa Kitamil, na yeye ananiita thambi, mdogo wangu. Alisomea usingizi, yaani nusu kaputi kama tunavyosema huku. Alipomaliza mtihani wake wa mwisho tulikula biriani hapo nyumbani, mama mwenye nyumba akalia kwa furaha. Tukajua mwezi ujao anapangiwa kituo. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, ikafika saba.

Miezi saba hiyo hakuwa anaruhusiwa kufanya kitu. Vyeti vyake orijino, vyote, kuanzia cha sekondari mpaka cha MBBS, chuo kilivichukua siku anaandikishwa na kinavishikilia mpaka bondi iishe. Bila orijino hospitali binafsi haikuandiki kazi, na kuomba nafasi nje ya nchi ndo usahau. Kila Jumatatu anavaa sari ya kazini anakwenda ofisini kwao na faili la plastiki la bluu limejaa fotokopi. Siku moja nilimsindikiza kwa pikipiki. Karani alikaa mbele ya kabati la chuma, mlango umeachia kidogo, bahasha za kaki zimefungwa uzi mweupe zimepangwa mpaka juu, Akka akaniambia kwa kunong'ona yangu ni ile ya pili kutoka chini, ina doa la chai. Alikuwa anaijua bahasha yake kwa doa. Karani akasema barua haijatoka juu, njoo wiki ijayo. Mtu wa miaka 30 na tatu hivi, anayejua kumlaza mgonjwa na kumuamsha salama, alikuwa anaombaomba hela ya basi kwa baba yake mstaafu wa reli.

Na hiyo miezi saba haikuhesabiwa kwenye bondi! Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Saa ya bondi inaanza kwenda siku unaporipoti kituoni, kwa hiyo uzembe wa ofisi unalipwa na umri wa daktari. Akichelewa yeye kuripoti ni kosa na faini juu, ofisi ikichelewa hakuna hata barua ya kuomba radhi.

Mwenzake waliyesoma darasa moja na meza moja hakusubiri. Baba yake ana hospitali mjini. Akaandika hundi, laki zote mara moja, na ndani ya wiki bahasha yake ikafunguliwa uzi. Mimi simlaumu yule kijana, sheria imemruhusu. Lakini hebu fikiria, hiyo faini imewekwa ili watu wasikimbie vijiji, wanaoweza kuilipa ni akina nani? Ni wale ambao kwao pesa ipo. Mtoto wa mstaafu wa reli anakwenda kijijini, mtoto wa mwenye hospitali ananunua njia, alafu serikali inahesabu hela na kituo kinabaki bila bingwa vilevile. Laki 30 haimpasui mama mjamzito. Ukitaka kweli daktari afike kijijini basi bondi isiwe na bei, na ukiweka bei ujue umefungua duka.

Barua ya Akka ilipotoka alipelekwa kituo kimoja mbali, masaa manne kwa basi. Nilikwenda kumtembelea wakati wa Pongal, sikukuu yao ya mavuno. Akanionyesha chumba cha upasuaji. Kimefungwa kufuli, ufunguo anao mhudumu. Ndani kuna mashine ya usingizi mpya kabisa, bado imevaa nailoni yake ya kiwandani, juu yake wamepanga maboksi ya dripu. Daktari wa upasuaji hakuna, hajapangiwa mtu. Mabomba ya oksijeni hayajaungwa ukutani. Kwa hiyo bingwa wa nusu kaputi, aliyesomeshwa na jimbo miaka yote hiyo, alikuwa anapima presha na kuandikia watu dawa za kikohozi asubuhi mpaka saa nane. Siku niliyokuwepo aliletwa binti wa miaka kama 19 ana uchungu tangu jana yake, mtoto hashuki, Akka akamshika mkono akamweka kwenye ambulensi kwenda hospitali ya wilaya, kilomita karibu 60. Alisimama pale getini mpaka gari lilipopotea kwenye kona. Akasema, thambi, kazi yangu ni dakika 40 tu, ningemlaza mimi dakika 40 na mtoto angekuwa ametoka. Sijui yule binti alifikaje.

Msomaji mwenzangu anayesema tuwabane madaktari, huyo amebanwa. Yuko kijijini, ametii, na kijiji hakijafaidika.

Wapo wanaodhani haya ni ya mtu mmoja tu mwenye bahati mbaya. Mwaka 2022 pale Rohtak, jimbo la Haryana, wanafunzi wa MBBS walikaa nje wiki kadhaa wakigomea bondi ya miaka 7 na laki 40, serikali ikashuka mpaka miaka 5 na laki 30. Miaka 5! Na hao ni wa shahada ya kwanza, wakisoma ubingwa wanaweza kukutana na bondi nyingine juu yake. Kolkata, kulekule West Bengal, baada ya yule daktari mwanafunzi wa ubingwa kubakwa na kuuawa ndani ya hospitali Agosti 2024, madaktari waliandamana miezi, na mwaka 2025 baadhi ya waliokuwa mbele kwenye maandamano walilalamika kwamba wamepangiwa vituo tofauti na walivyochagua, wakaenda mahakamani. Kalamu inayopanga kituo ikiwa mkononi mwa mtu asiyewajibika kwa yeyote, daktari anajifunza kunyamaza, na daktari aliyejifunza kunyamaza hawezi kumsemea mgonjwa kwamba oksijeni hakuna. Na hao mabinti tunaowapeleka vituoni, nani anawahakikishia mlango wa chumba cha zamu una komeo? Lile la Kolkata lilitokea kwenye hospitali kubwa katikati ya jiji.

Mfano mzuri nao upo hukohuko India. Mji wa Vellore, kwenye chuo cha udaktari cha Kikristo kilichotokana na kazi aliyoianza Dk. Ida Scudder mwaka 1900, wanafunzi wanaodhaminiwa na makanisa wakimaliza wanakwenda kutumikia miaka 2 kwenye hospitali za misheni. Nimekutana nao, wengine walijua tangu mwaka wa kwanza ni hospitali gani itawapokea, wanafika wanakuta daktari mzee wa kumuuliza usiku mambo yakiharibika, na nyumba ina maji. Wanalalamika mishahara midogo, ndiyo, ila sikuwahi kumsikia hata mmoja akisema amefungwa jela.

Kwa hiyo kama wakubwa wetu wanaisoma hii barua na wanafikiria kuiga, waige kwa kuongeza upande wa pili wa karatasi. Kituo kitajwe kabla mtu hajasaini, na kiwe kimekaguliwa kwamba kina vifaa vya fani yake. Barua itoke ndani ya siku 30, ikichelewa siku zihesabiwe kama kazi na mshahara uende. Vyeti visishikwe na mtu yeyote, cheti ni cha aliyekisomea, andikeni tu kwenye daftari la baraza kwamba huyu ana deni la miaka miwili. Na mlango wa kulipa hela ufungwe kwa wote, akiwemo mtoto wa waziri, abaki tu yule mwenye ugonjwa au msiba mzito asikilizwe na kamati.

Akka bado miezi mitano amalize. Juzi kwenye simu nikamuuliza akishapewa bahasha yake ataondoka, akasema daktari wa upasuaji ameshapangiwa kituo chao, anaripoti baada ya mvua, na fundi wa oksijeni kaja kupima ukuta. Wakifungua kile chumba anasema atabaki hata bila bondi.

Mfamasia,
Tanga