Uvimbe wa titi: sindano kwanza, kisu baadaye

Mhariri,

Hapa Bukavu bado wanafika wamama wenye kovu kifuani na hawana karatasi yoyote ya labo. Uvimbe ulikatwa, ukatupwa au ukapotelea njiani, na sasa umerudi. Tunaomba jambo moja: uvimbe wa titi unaotiliwa shaka usikatwe kabla sindano haijachukua vipande chini ya ekografi, yaani picha za mawimbi ya sauti.

Hatusemi ile sindano nyembamba ya kufyonza. Hiyo huleta seli zilizotawanyika, na haionyeshi kama kansa imeshavunja ukuta wa mfereji wa maziwa. Tunasema sindano nene ya geji 14 (geji ni kipimo cha unene wa sindano), yenye springi.

Mama analala chali, mkono nyuma ya kichwa. Ngozi inasafishwa, lidokaini ya 1%, dawa ya ganzi, inaingizwa, mililita 5 hadi 10, kisha ngozi inachanwa milimita 2 au 3. Sindano iingie kwa ubavu, sambamba na kifua. Ikielekezwa chini inaweza kutoboa pafu. Kabla ya kufyatua, daktari aione sindano nzima kwenye skrini mpaka nchani, na ajue kilichoko mbele yake, kwa sababu ncha itaruka hadi milimita 22. Mama aambiwe mapema kuhusu mlio wa springi, asije akashtuka. Vipande 4 au 5 kwa kawaida vinatosha. Kipande cheupe kinachozama kwenye fomalini, maji ya dawa ya kukihifadhi, kinatia moyo. Cha njano kinachoelea ni mafuta, chukua kingine. Mwisho, pakandamizwe dakika 10, zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, naye aulizwe habari hiyo kabla ya kuanza.

Kazi nzuri kama hiyo huharibikia chupani. Kipande kiingie kwenye fomalini papo hapo, kisipitishe saa 1, na fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Maji ya chumvi hayahifadhi, na alkoholi huvuruga vipimo. Lita moja hutengenezwa hivi: fomaldehaidi ya 37–40% mililita 100, maji yaliyochujwa kwa mvuke mililita 900, sodiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili (monohaidreti) gramu 4, na ile yenye hidrojeni moja, isiyo na maji, gramu 6.5. Wanaoacha chumvi hizo mbili hupata fomalini yenye asidi, inayotia madoa ya kahawia kwenye vipande.

Kipande kikae humo saa 6 hadi 72. Nje ya hapo, kipimo cha vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) kinaweza kudanganya, na mama akanyimwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, aliyostahili. Chupa iliyofungwa Walungu au Kalehe, nje ya mji, Ijumaa asubuhi, ikangoja gari hadi Jumanne, imeshapitwa. Basi saa ya kuchukua kipande iandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, pamoja na jina, titi la kulia au la kushoto, na umbali kutoka kwenye chuchu.

Jibu nalo lisomwe pamoja na picha. Ekografi ikionyesha uvimbe wenye miiba na labo ikajibu «mafuta tu», mama huyo hajapona: sindano ilikosa shabaha, irudiwe. Na pale mamografia, yaani eksirei ya titi, inapoonyesha chembe za chokaa zisizoonekana kwa ekografi, apelekwe penye mashine inayoongoza sindano kwa mamografia.

Wengi wanaogopa kwamba sindano huamsha kansa. Seli chache zinaweza kusogea kwenye njia yake, lakini matibabu yanayofuata huzishughulikia. Hatari iko katika miezi ya kungoja. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60. Kila hospitali ya mji huu yenye ekografi iweke sindano hizi, fomalini iliyo tayari, na mtu mmoja mwenye daftari, ambaye kazi yake ni kumpigia mama simu jibu likifika.

Wahudumu wa afya, Bukavu