Rangi za mlimani: barua kwa shoga yangu wa Tanga

Majengo, Moshi
Oktoba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi na wa nyumbani wote hatujambo. Vuli bado haijaanza, na mijakaranda ya Shanty Town imemwaga maua barabarani hadi lami imegeuka zambarau. Uliniuliza kwenye simu vitambaa vya ule mfarishi wa mlima, ile picha ya Kilimanjaro niliyoishona kwa vipande vya vitambaa ya kutundika ukutani, nimevinunua duka gani, nikakuahidi kukuandikia kwa kuwa jibu lake ni refu. Dukani nilinunua kitambaa cheupe tu. Rangi zote nimezitia mwenyewe hapa uani.

Najua utasema vitenge vimejaa mjini, kwa nini nijisumbue. Vitenge navipenda na navivaa, lakini kitenge kimetoka kiwandani na mchoro wake umeshakamilika. Ukikikata ukakishonea kwenye picha ya mlima, jicho linakimbilia ua lake na mlima unasahaulika. Isitoshe, kijani cha migomba ya Kibosho asubuhi baada ya mvua hakipo kwenye jora lolote. Pale jani linapopitisha jua kijani kile kina manjano ndani yake, na upande wa kivuli kinakaribia bluu. Ukikitaka hicho, sharti ukitengeneze.

Kitambaa kiwe pamba tupu, maana rangi za batiki hazishiki kwenye poliesta. Mimi hununua pia mashuka ya mitumba soko la Memorial. Kabla ya kuyafua nachomoa uzi mmoja nauchoma: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kitone kigumu. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, kwa hiyo kioshe kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo rangi itaelea juu juu.

Rangi ninayotumia ni ile ya mafundi wa batiki, inayochanganywa na kostiki soda, ile dawa kali inayounguza ngozi, na haidrosalfaiti, unga unaosaidia rangi iyeyuke, kwenye maji ya moto. Hapa nisikilize vizuri, shoga. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Usimwagie maji juu ya kostiki, itachemka ghafla na kukurukia. Vaa glavu, fanyia kazi nje penye upepo, watoto wawe mbali. Na sufuria ya alumini usiiguse kabisa, kostiki inaila. Tumia ndoo ya plastiki. Vipimo atakupa muuza rangi, maana kila rangi ina vyake.

Sasa utamu wenyewe. Kitambaa kikiwa ndani ya ndoo hakionyeshi rangi yake halisi. Unachovya bluu, unakitoa kina kijanikijani, halafu hewa inapokigusa kinageuka bluu mbele ya macho yako, kuanzia kwenye kingo kuingia ndani ya mikunjo. Mafundi wengi hupenda rangi itulie sawasawa kitambaa kizima. Mimi nataka isitulie. Nakifinyanga kitambaa, nakibana kwenye ndoo ndogo yenye maji kidogo, wala sikorogi. Rangi inaingia kwa wingi hapa, pale inapungua, na ukikikunjua unaona ukungu wa msituni juu ya Marangu, au anga la saa kumi na mbili jioni. Mkono hauwezi kuchora kitu kama hicho. Kazi yangu inabaki kukitazama mpaka nijue mlima umo upande gani, ndipo nichukue mkasi.

Ule mfarishi ulioupenda nimeupanga kama mtu anavyopanda Kilimanjaro. Chini kabisa ni udongo mwekundu na majani makavu ya tambarare, halafu vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, halafu msitu mweusi wenye unyevu, halafu vichaka na nyasi za juu, halafu mawe na majivu, na mwisho barafu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha mlima, chenye mita 5,895. Utepe wa barafu nimeukata mwembamba makusudi. Tangu barafu ile ilipopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 imeshatoweka, na mimi nashona mlima ninaouona dirishani leo. Sikutaka kuuongezea weupe ambao haupo. Nilipokuwa nakata kipande kile moyo uliniuma, nakuambia kweli.

Uliniuliza pia ile bluu ya kivuli cha barafu niliipataje. Shoga, pale hakuna bluu! Ni kijivu kitupu nilichokiweka jirani na rangi ya chungwa ya machweo. Jirani ndiye aliyekibadilisha. Jambo hili alilieleza mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1824 alikabidhiwa idara ya kutia rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mazulia ya kutundika ukutani. Watu walilalamika kuwa nyuzi nyeusi za pale ni hafifu. Akazichunguza, akakuta rangi yenyewe haina kasoro. Zilionekana hafifu kwa sababu zimepangwa kando ya bluu na zambarau. Kwa hiyo mimi siamini rangi nikiwa nimeishika mkononi. Nabandika vipande ukutani kwa pini, naenda kusimama mlangoni, natazama, narudi nabadilisha. Siku nyingine kazi yote ya alasiri ni hiyo, na sijutii hata dakika moja. Hapo ndipo mfarishi unapotengenezwa hasa. Kushona kunafuata tu.

Siyo kila rangi naitoa kopo la dukani. Kokwa za parachichi, ambazo huku zinatupwa kila siku, nazichemsha polepole zinanipa waridi hafifu, na nikitia magadi kidogo waridi linaelekea wekundu. Maji yaliyolowekwa misumari yenye kutu yanaligeuza kuwa kijivu. Na utomvu wa mgomba! Kila mtoto aliyekulia huku amewahi kugombezwa kwa kuchafua shati kwa utomvu, maana doa lake la kahawia halitoki kwa sabuni yoyote. Basi mimi naudondosha makusudi kwenye kitambaa cheupe, nao umenipa magome ya miti bora kuliko rangi yoyote ya kununua. Manjano ya jikoni nakushauri uyaache kwa pilau. Yanavutia sana siku ya kwanza, lakini jua linayafifisha upesi, na mfarishi wa ukutani unakaa mbele ya mwanga miaka.

Ushonaji wewe unaujua kunizidi, sitakufundisha. Tabaka tatu: picha juu, blanketi jepesi katikati, kitambaa cha nyuma. Napiga bandi zote tatu zisitembee, kisha nashusha meno ya cherehani yanayosukuma kitambaa na kukiongoza kitambaa kwa mikono, kama wafanyavyo mafundi wa darizi. Hapo mshono unakuwa kalamu. Kwenye vihamba nimeufuatisha njia za mifongo, ile mifereji ya wazee inayoteremsha maji kutoka mlimani, na ukipitisha kiganja juu yake unaisikia mistari ya maji kwa vidole.

Sasa nina ombi. Nataka kuanza mfarishi mpya unaotoka mlimani hadi pwani, na upande wa bahari sina haki nao. Wewe ndiye unayeiona Raskazone kila siku maji yakipwa na yakijaa. Nakutumia kwa basi mita nne za shuka jeupe lililokwisha kuoshwa, pamoja na rangi ya bluu, ya kijani na glavu. Tia rangi unayoiona wewe, usiniulize mimi, na usikoroge. Ukimaliza suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, kisha nirudishie kwa basi hilohilo kabla ya Krismasi.

Msalimie mama sana, na watoto wote.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Moshi