Barua kwa Manka kuhusu mafunzo ya likizo ya Juni

Kiboriloni, Moshi

Mwanangu mpendwa Manka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, ila masika yanaelekea ukingoni na baridi imeanza kushuka kutoka mlimani, kwa hiyo usisahau sweta utakapofunga shule.

Nakuandikia mapema ili usije ukashtuka. Nimekuandikisha katika mafunzo ya wiki mbili yatakayofanyika kwenye ukumbi wa parokia kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Mtafundishwa kuandika wasifu na barua ya maombi ya kazi, kujibu maswali ya usaili na kutunza hesabu za fedha. Kisha mtatembelea chuo cha ufundi cha VETA hapa Moshi na Chuo cha Wanyamapori Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 na ambacho wengi wetu tunakijua kwa kibao cha barabarani tu. Siku ya kwanza kutakuwa na mgeni rasmi na hotuba ndefu. Vumilia. Shangazi yako wa Arusha naye nimeshamwambia akusubiri hadi umalize mafunzo.

Unamkumbuka yule mama aliyekuja kibandani Desemba, nilipokuwa nimekwenda kununua vifungo? Alitaka sketi nne za shule. Bei ulikuwa unaijua, kupima unajua, na mkanda wa kupimia ulikuwa shingoni mwako, ukamwambia, "Ngoja mama aje." Hakungoja. Sikukugombeza, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe. Mwaka 1996, nilipomaliza kidato cha nne, niliitwa kwenye usaili katika ofisi moja ya mjini, nikaulizwa ninaweza kufanya nini, nami nikajibu kwamba nimefaulu Kiswahili na Jiografia. Yule bwana akarudia swali, nami nikarudia jibu lile lile. Wakati huo nilikuwa nimeshawashonea nusu ya wanakwaya wetu magauni ya Pasaka, lakini haikunijia hata kidogo kwamba ile nayo ilikuwa kazi ya kutajwa mbele ya watu.

Kuhusu tahasusi, yaani masomo utakayochukua kidato cha tano, baba yako anataka PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), maana amekwisha kukuona katika koti jeupe pale hospitali ya KCMC. Mimi sina neno, ila ningependa kwanza uwaulize wauguzi zamu ya usiku ikoje. Kama Fizikia itaendelea kukutoa jasho, CBG ipo, ambayo ina Jiografia badala ya Fizikia, na ufundi nao upo. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wanafunzi huruhusiwa kubadili machaguo yao kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia shule, na nimewaona wengi wakiyabadili kwenye kibanda cha intaneti kwa ushauri wa mwenye kompyuta, ambaye kazi yake ni kuchapa tu. Nisingependa wewe ufike hapo ukiwa bado unajiuliza.

Jioni za wiki ya pili nitakuachia kibanda, pamoja na daftari la oda na funguo za droo ya fedha, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili. Ni wakati ambao wateja wa sare za Julai huanza kumiminika. Mimi nitakuwa sokoni au kanisani, na simu nitaiacha nyumbani.

Nauli nimemtumia matroni. Baba yako na wadogo zako wanakusalimu sana.

Ni mimi mama yako.