Mapacha wangu: mmoja anapelekwa bweni "akakomae"

Shikamoo Shangazi,

Nina mapacha wa kiume, Kulwa na Doto, wako darasa la nne hapa Morogoro. Si wa kufanana. Sura mbali, tabia mbali zaidi. Doto akipanda daladala, mpaka anashuka ameshajua konda anaitwa nani na anatoka wapi. Kulwa ametulia kama maji mtungini. Wageni wakija anawaamkia, kisha anapotelea chumbani. Tukiwa wenyewe anaongea vizuri tu, na shuleni hana kesi (darasani anamshinda Doto, ila hilo halitajwi).

Baba yao anasema nimemdekeza. Mama mkwe naye kila akija ni "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Sasa Shangazi, wamenyonya ziwa moja, wamelala kitanda kimoja, wamechapwa na mkono mmoja. Kama ukimya wa Kulwa umetokana na malezi yangu, kwa Doto ilikuwaje? Tena marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa maneno mawili kwa siku!

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Chuoni tulisoma habari za madaktari wa Marekani, Stella Chess na mumewe Alexander Thomas, walioanza mwaka 1956 kufuatilia watoto wa New York tangu uchanga. Waliona kila mtoto anazaliwa na hulka yake: wapo wepesi, wapo wasumbufu, na wapo wanaochelewa kuzoea, kama 15 katika kila 100. Huyo wa mwisho ndiye Kulwa. Malezi hawakuyadharau. Walisema mtoto wa aina hiyo akipewa muda huzoea, akisukumwa hujifungia zaidi. Nilipomweleza mume wangu, akanijibu hao ni watoto wa Wazungu.

Serikali ilizuia bweni kwa madarasa ya chini ya la tano mwaka 2023, kwa hiyo baba yao amesubiri tu wavuke. Ameshalipa ada ya Januari kwenye shule ya mkoa mwingine. Anakwenda Kulwa peke yake, Doto anabaki. Kulwa hajasema neno, ila siku hizi usiku hashiki usingizi.

Mume wangu si mtu mbaya, anaogopa mwanawe ataonewa akikua. Je, niombe waende wote wawili, au nisimame kidete asiende mpaka amalize shule ya msingi? Na mama mkwe nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?

Mama Kulwa,
Morogoro