Mheshimiwa Mbunge, naomba ile maiki

Mheshimiwa Mbunge,

Salamu. Nakuita Mheshimiwa kwa kuwa ndivyo itifaki itakavyo, ingawa kwa umri ningekuita mwanangu. Mimi ndiye yule mama wa viazi karai pale stendi ya matatu. Mwaka 2022 ulinijia na wilbaro na wapiga picha, ukachukua kijiko changu ukaanza kugeuza viazi mwenyewe. Ukatamka, "Mimi ni nyinyi." Ulikula sahani mbili. Hazijalipwa mpaka leo, lakini si hizo zilizonifanya niandike.

Ni ya Jumamosi, uwanjani pale shuleni. Ulisema majaji hawakuchaguliwa na mtu, kwamba wanataka kuwanyima watoto wetu basari, zile pesa za karo, na anayewatetea ni adui wa wananchi. Watu wakashangilia. Nikanyoosha mkono, nikapewa maiki. Sijamaliza "Mheshimiwa, naomba kuuliza," kijana mwenye fulana ya sura yako akaninyang'anya. Nawe ukacheka: "Mama huyu ametumwa." Na nani? Niliamka saa kumi alfajiri kumenya viazi, kisha nikafunga kibanda nije kukusikiliza. Tangu siku hiyo wateja wengine wananipita kama hawanijui.

Basi niulize hapa. Juni 25, 2024 hapa Kenya wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, ule wa ushuru, 106 wakaukataa. Wewe ulikuwa katika wale 195. Tulikuwa tumekutumia jumbe, mimi kuhusu ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Huo uliondolewa kabla ya kura. Nadhani ni vijana walioandamana ndio waliowatia hofu, si jumbe zangu. Lakini yaliyobaki uliyapitisha. Vijana wakaingia Bungeni, wengine wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Mswada ule ulikuwa wa nani, basi? Kama wewe ni sisi, sisi tulisema ndiyo lini?

Kifungu cha 118 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe. Huku kwetu kushirikishwa ni wewe juu ya gari ukiuliza "Mnakubali?" na kujijibu mwenyewe. Kifungu cha 104 kinatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake. Tungeidai wapi, na tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu mwanzo wa 2023 hadi Julai 2025? Kwa bawabu?

Ndiyo maana mahakama naitaka, hata inaponiumiza. Mahakama Kuu ilipoamua Septemba 2024 kwamba sheria ya CDF, ule mfuko wa maendeleo ya majimbo ya wabunge, inakiuka Katiba, nililia, maana mjukuu wangu anategemea basari hiyo hiyo. Alipata elfu tatu, akaambiwa ashukuru mbele ya kamera, ameshika hundi pana kama mlango. Elfu tatu, Mheshimiwa! Lakini hoja moja niliielewa: kazi ya mbunge ni kukagua pesa za umma. Akizigawa yeye mwenyewe, nani atamkagua?

Pesa za viazi nimesamehe. (Ukitaka, ni shilingi 160.) Nadai uje bila spika na bila vijana wa fulana, ukae kwenye benchi langu, unijibu kwa nini ulisema ndiyo. Dakika kumi. Tano pia sawa. Ukishindwa kuja, nijibu hata kwa ujumbe wa simu, namba yangu unayo tangu kampeni.

Nijibu tu.

Mama wa viazi karai, stendi